Mhitimu Anapokuandikia: Usaili wa Kujiunga na Vyuo vya Marekani Unavyokwenda

Kijana anayesoma kidato cha sita Dar es Salaam, au aliyemaliza kidato cha nne Nairobi, akishatuma maombi ya kujiunga na chuo kikuu cha Marekani, huenda siku moja akafungua barua pepe na kukuta ujumbe mfupi kutoka kwa mtu asiyemfahamu. Mtu huyo anajitambulisha kuwa ni mhitimu wa chuo alichoomba, anaeleza kuwa amejitolea kuzungumza na waombaji wa eneo hilo, na anauliza kama wanaweza kuonana Jumamosi. Ujumbe wenyewe hauzidi mistari sita, lakini nyumbani hapakaliki. Shati linapigwa pasi siku tatu kabla, mjomba mwenye digrii anaitwa atoe mafunzo, na kijana anaanza kukariri majibu kana kwamba anakwenda kutafuta kazi serikalini.

Sehemu ya hofu hiyo inatokana na neno lenyewe. Tunasema usaili, na masikioni mwetu usaili ni jopo la watu wanne nyuma ya meza, maswali yenye majibu sahihi, na orodha ya majina ya waliopita inayobandikwa baadaye. Usaili wa mhitimu haufanani na huo. Haufanani pia na ule wa Oxford na Cambridge nchini Uingereza, ambako mwezi Desemba wahadhiri wenyewe humpa mwombaji tatizo la hisabati au kifungu cha kusoma ili waone anavyofikiri, na ambako mazungumzo hayo yana uzito mkubwa katika uamuzi. Wala haufanani na usaili wa viza ubalozini, ambao hufanyika dirishani kwa dakika chache, mbele ya ofisa mwenye mamlaka ya kukubali au kukataa palepale. Nimewaona vijana wakivichanganya vitu hivi, mmoja akifika mbele ya mhitimu na bahasha ya taarifa za benki za baba yake, na ndiyo maana naona ni muhimu kueleza taratibu mtu huyu ni nani, ana uwezo gani, na anataka nini kwako.

Mhitimu ni mtu anayejitolea. Halipwi na chuo. Anaweza kuwa daktari, mhandisi au mfanyakazi wa benki, aliyemaliza masomo miaka mitatu iliyopita au miaka arobaini iliyopita, na anafanya kazi hii baada ya saa zake za ofisi kwa sababu anakipenda chuo chake au kwa sababu naye aliwahi kuketi upande ule wa meza uliopo wewe. Hadahili mtu. Kazi yake ni kuzungumza nawe, kwa kawaida kati ya nusu saa na saa moja, kisha kuandika ripoti fupi na kuituma ofisi ya udahili. Huko ripoti inaingia kwenye faili ambalo tayari lina matokeo yako, insha zako, orodha ya shughuli zako na barua za walimu, na wanaoamua ni maofisa wanaolisoma faili zima.

Ni vizuri kuukubali ukweli huu mapema, kwa kuwa unapunguza mzigo: katika vyuo vingi ripoti hiyo ni kipande kidogo. Harvard na MIT hupokea maelfu kwa maelfu ya maombi na hudahili takriban waombaji 5, au pungufu ya hapo, katika kila 100. Wahitimu wengi wameandika ripoti zilizojaa sifa na vijana wao wakakosa nafasi. Mazungumzo mazuri hayawezi kuliinua faili dhaifu. Pale faili linapokuwa na nguvu na maofisa wanasita kati ya waombaji wanaokaribiana, hapo ndipo sentensi mbili za mtu aliyekuona uso kwa uso zinaweza kusaidia.

Jambo ambalo waombaji wengi hawalijui ni kwamba mhitimu huja akiwa na habari chache sana kukuhusu. Hupewa jina lako, shule yako na namna ya kukupata, pengine na somo unalotaka kulisomea. Hajaziona alama zako wala insha yako, na vyuo vingi humkataza kukuuliza alama za mitihani. Imepangwa hivyo kwa makusudi, ili ripoti yake iwe ushahidi unaojitegemea usioathiriwa na kilichomo kwenye faili. Kwa hiyo kijana anayeogopa kurudia alichokwisha kuandika katika insha anajinyima bila sababu. Mtu aliye mbele yake hajaisoma.

Desturi hii ina historia isiyopendeza, na nadhani mwombaji anastahili kuijua. Mwanzoni mwa karne ya 20, vyuo kama Harvard, Yale na Columbia vilidahili zaidi kwa mtihani, na aliyefaulu na kuweza kulipa aliingia. Mtihani ulipoanza kuwaingiza Wayahudi wengi, hasa watoto wa wahamiaji kutoka Ulaya Mashariki, baadhi ya viongozi wa vyuo walianza kutafuta vigezo vingine. Mwaka 1922 rais wa Harvard, A. Lawrence Lowell, alitaka idadi ya Wayahudi iwekewe ukomo waziwazi. Pendekezo lake lilikataliwa, lakini kufikia 1926 chuo hicho kilikuwa kimekubali kupima pia tabia na haiba ya mwombaji, vitu ambavyo havina alama ya mtihani. Katika miaka hiyo fomu za vyuo hivyo zilianza kudai picha na kuuliza dini na asili ya wazazi, na kumtazama mwombaji uso kwa uso kukawa njia mojawapo ya kuamua nani “anafaa”.

Karibu karne moja baadaye swali hilohilo lilirudi mahakamani. Mwaka 2014 kikundi kiitwacho Students for Fair Admissions kiliishtaki Harvard kikidai kwamba inawabagua waombaji wenye asili ya Asia, na kesi iliposikilizwa Boston mwaka 2018 umma uliona mambo ya ndani ambayo kwa kawaida hayaonekani. Ilibainika kuwa mhitimu na ofisa wa udahili kila mmoja hutoa alama ya haiba ya mwombaji. Wahitimu, ambao walikuwa wamekutana na vijana hao, waliwapa waombaji wenye asili ya Asia alama zinazokaribiana na za Wazungu, ilhali maofisa, ambao wengi wao hawakuwahi kuwaona, waliwapa alama za chini zaidi. Harvard ilikana kubagua, na jaji wa kwanza aliikubalia mwaka 2019. Tarehe 29 Juni 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilitengua uamuzi huo na kupiga marufuku kuzingatia rangi ya mwombaji katika udahili. Wanasheria watabishana juu ya kesi hiyo miaka mingi ijayo, lakini mimi hunirudia jambo dogo lililomo ndani yake: chombo kilichowahi kutumiwa kuwachuja watu kwa sura zao, safari hii kilionyesha kwamba aliyekaa na kijana kwa saa moja alimwona vizuri kuliko aliyesoma karatasi zake.

Hata hivyo si kila chuo kimeendelea nacho. Brown iliacha usaili wa wahitimu na sasa humruhusu mwombaji kutuma video fupi ya kujitambulisha. Columbia nayo haifanyi usaili tena. Vyuo vikuu vikubwa vya umma, kama vile vya jimbo la California, kwa kawaida havina utaratibu huu kwa wanaoomba shahada ya kwanza. Georgetown, kwa upande mwingine, humtaka kila mwombaji azungumze na mhitimu pale anapopatikana, na Yale hutanguliza wale ambao kamati inahitaji kuwafahamu zaidi. Sababu kubwa ya vyuo kurudi nyuma ni usawa, kwa kuwa wahitimu hukaa mijini. Nairobi kuna wahitimu wa vyuo vingi vya Marekani. Lodwar au Sumbawanga ni bahati kumpata hata mmoja. Ndiyo maana vyuo hutamka wazi kwamba asiyeitwa hapunguziwi chochote. Kama jirani yako ameitwa na wewe hujaitwa, usilale macho ukitafuta ulipokosea. Kwa kawaida maana yake ni kwamba hakuna mhitimu aliyepatikana.

Kwa anayeitwa, mtihani wa kwanza ni saa. Tangu janga la Uviko-19 mazungumzo mengi hufanyika kwa video, na mhitimu anaweza kuwa Boston wakati wewe uko Tanga. Akiandika saa 10 asubuhi kwa saa za huko, anamaanisha saa 12 jioni kwetu wakati wa baridi yao; lakini kabla ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, Wamarekani wanapokuwa hawajarudisha saa zao nyuma, saa ileile ya Boston huwa saa 11 jioni huku. Walioomba mapema, ambao mwisho wao wa kutuma maombi huwa karibu tarehe 1 Novemba, huitwa katika majuma hayohayo saa zinapobadilika. Kisha kuna mtego wetu wenyewe: mhitimu aliyeko Dar es Salaam anaandika kwa Kiingereza saa 10 asubuhi, ambayo ni saa 4 yetu, na mwombaji anafika saa 10 jioni akiwa amechana nywele vizuri na hakuna mtu. Mjibu siku hiyohiyo, na katika jibu lako andika tarehe, saa yake na saa yako, umwombe athibitishe.

Mkikutana ana kwa ana, mahali panapofaa ni pa wazi, kama vile maktaba, mgahawa au ukumbi wa mapokezi wa hoteli. Usiende chumbani kwa mtu, wala nyumbani kwake, hata akijitambulisha kwa vyeo vya namna gani. Mhitimu mkweli hatakuomba hivyo na hatachukia ukipendekeza mahali pengine. Mzazi anaweza kukusindikiza, lakini asikae mezani. Na usilipe kitu. Usaili wa mhitimu hauna ada, wala ada ya fomu, wala nauli ya mhitimu. Ukiwa na shaka juu ya ujumbe uliopokea, iandikie ofisi ya udahili ya chuo kwa anwani iliyo kwenye tovuti yake rasmi uulize kama mtu huyo ni wao. Ushauri wa bure unapatikana pia katika vituo vya EducationUSA, mtandao wa serikali ya Marekani wa kuwashauri wanaotaka kusoma huko, vilivyoko Dar es Salaam na Nairobi. Kuna kampuni kama InitialView zinazorekodi usaili wa waombaji wa kimataifa kwa malipo na kuutuma vyuoni, lakini huo ni utaratibu tofauti ambao mwombaji huutafuta mwenyewe.

Sasa mazungumzo yenyewe. Mwaka mmoja nilikaa na binti wa kidato cha sita kwenye benchi nje ya maktaba tukifanya mazoezi. Nikaanza kwa swali ambalo karibu kila mhitimu huanza nalo, kwamba anieleze kidogo kuhusu yeye. Akakaa wima, akasema kwamba ni mchapakazi, ana nidhamu, anapenda uongozi na anapenda sana hisabati. Nikamuuliza hisabati anaitumia wapi nje ya darasa. Akatazama viatu vyake, akasema hakuna, labda daftari la mama.

Daftari gani? Mama yake ana genge la nyanya na mboga, na wateja wengi hukopa. Binti huyu akiwa kidato cha pili alichoka kumwona mama akigombana na majirani, akalichukua daftari la madeni la mwaka mzima na kuliandika upya, akipanga kwa tarehe badala ya majina. Akagundua kwamba waliokopa baada ya tarehe 20, wakisubiri mshahara, karibu wote walilipa mwezi ulipoisha. Waliosumbua ni waliokopa juma la kwanza, wakati ambapo mtu angetarajiwa kuwa na fedha mfukoni. Tangu hapo mama yake humkopesha kwa moyo mkunjufu anayekuja tarehe 25, na anayekuja tarehe 3 humwomba alipe nusu kwanza. Alinisimulia haya kwa dakika nne bila kukwama, kidole kikichora safu za daftari juu ya ubao wa benchi. Mchapakazi, mwenye nidhamu na mpenda hisabati alikuwa ametokea mbele yangu bila neno hata moja kati ya hayo kutajwa.

Hapa ndipo penye ugumu wa kweli kwa vijana wetu, na ningependa walimu walitazame jambo hili kwa makini. Tumelelewa kwa methali isemayo kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, na mtoto anayejitaja sana mbele ya wakubwa huambiwa hana adabu. Kijana akifika mbele ya mhitimu hujikuta kati ya mambo mawili: ama ananyamaza na kujibu kwa sentensi moja moja, ama anakariri sifa alizoambiwa na mjomba, na sifa hizo mdomoni mwake zinasikika za kuazima. Njia iliyo wazi ni kusimulia kazi. Kueleza ulichokiona, ulichokifanya, kilichoshindikana na ulichobadilisha baadaye si kujisifu, na wala hakuvunji adabu yoyote tuliyofundishwa. Mhitimu anahitaji kitu cha kuandika. Ukimwambia wewe ni kiongozi hana cha kuandika. Ukimwambia jinsi ulivyopanga zamu za kuchota maji bwenini bomba lilipokatika, ana aya nzima.

Baada ya swali la kwanza, maswali mengi huenda yakafuata njia zinazojulikana: kwa nini chuo hiki, somo gani linakuvuta, unafanya nini usipokuwa darasani, ni lini ulishindwa na ukafanya nini. Swali la kwa nini chuo hiki ndilo linaloangusha wengi, kwa sababu jibu la haraka ni kwamba chuo ni maarufu. Mhitimu amekaa pale miaka minne na anajua tofauti kati ya mtu aliyesoma kuhusu maabara fulani au namna wanafunzi wanavyoruhusiwa kuchanganya masomo, na mtu aliyeona jina tu. Kuhusu masomo, tarajia akuulize zaidi. Ukisema unapenda biolojia atauliza mada gani, na ukitaja mada atauliza kwa nini, na inaruhusiwa kabisa kufika mahali ukasema hujui ila ungependa kujua.

Mazungumzo huwa kwa Kiingereza, na kwa wengi hiyo ndiyo hofu kubwa. Tulipoirudia hadithi ya daftari kwa Kiingereza, sentensi za yule binti zilifupika na sarufi iliyumba mahali pawili, lakini tarehe zilibaki tarehe na mama alibaki mama. Mhitimu hasahihishi sarufi. Ukikosa neno, lieleze kwa njia ndefu. Ukikosa kuelewa swali, omba alirudie, kwani kujibu swali ambalo hukulisikia ni kosa kubwa kuliko kuomba radhi.

Heshima nayo inahitaji kufikiriwa. Mhitimu akiwa ni Mtanzania wa makamo aliyesoma Marekani, mwamkie shikamoo kabla ya Kiingereza kuanza. Ataipokea na wote wawili mtapumua. Akiwa ni Mmarekani, mwite kwa jina la ukoo mpaka akuambie vinginevyo. Jambo la macho ni gumu zaidi, kwa kuwa kwetu kuinamisha macho mbele ya mkubwa ni adabu, na Mmarekani huenda akadhani humwamini au hujiamini. Si lazima umkazie macho. Inatosha kumtazama anapouliza na unapomaliza kujibu.

Mwishoni atakuuliza kama una maswali, na dakika hizo zina faida kuliko wengi wanavyodhani. Usimuulize idadi ya wanafunzi wala tarehe ya majibu, maana hayo yapo kwenye tovuti. Muulize yaliyo yake: alifika akitaka kusoma nini na akaishia kusoma nini, mwalimu gani anamkumbuka, majira yake ya kwanza ya baridi yalikuwaje, kitu gani angependa chuo kibadilishe. Usimwombe akusaidie kuingia. Najua tumezoea kuwa mambo hurahisika ukiwa na mtu ndani, lakini huyu hayumo ndani, na ombi hilo humweka mahali pabaya na huenda likaingia kwenye ripoti. Kwa sababu hiyohiyo usimpelekee zawadi, hata mfuko wa korosho ambao mama ameufunga kwa nia njema kabisa. Habari za ada na uwezo wa familia pia hazimhusu, kwani kuna fomu zake, na vyuo kama Harvard, Yale, Princeton, MIT na Amherst humdahili hata mwombaji wa nje bila kuangalia uwezo wake wa kulipa.

Siku hiyohiyo au kesho yake, mwandikie mistari mitatu ya shukrani na utaje jambo moja mlilozungumza. Usiambatanishe vyeti. Yeye naye atakuwa anaandika, na akiwa mwandishi mzuri ataweka maneno yako na mifano yako, kwa sababu maofisa wanaosoma mamia ya ripoti hawana la kufanya na sentensi isemayo kijana huyu ni mwerevu na mpole. Majibu ya walioomba mapema hutoka katikati ya Desemba, na ya wengine karibu na mwisho wa Machi. Kwa kawaida mhitimu haambiwi sababu ya uamuzi, iwe umekubaliwa au umekataliwa. Ukikubaliwa, mwandikie, maana hutamani kujua. Ukikataliwa unaweza kumwandikia pia. Wengi wao hujibu, na wako ambao wamemshauri kijana aliyekosa nafasi mwaka mmoja jinsi ya kuomba kwingine mwaka uliofuata.